Ukitaka Kuwa Benjamin Franklin

Anza na wazazi. Baba awe mtengeneza mishumaa na sabuni wa Boston mwenye watoto 17, nawe uwe wa 15, ili ada ikuishie mapema. Miaka miwili ya darasani inatosha. Ukifika 12, kajifunze uchapaji kwa kaka yako James. Akikunyima nafasi gazetini mwake, usigombane naye: andika barua ukijifanya mjane, ipenyeze usiku chini ya mlango, na kesho yake endelea na kazi huku wakubwa wakibishana ni msomi gani kaiandika. Franklin alizifikisha barua 14 mwaka 1722, akiwa na miaka 16. Mkishindwana kabisa, torokea Philadelphia.

Huko jitume, na zaidi ya hapo uonekane unajituma. Karatasi ulizonunua zisukume mwenyewe kwa toroli barabarani, watu wakutazame. Si maneno ya mahasidi hayo. Ameyaandika mwenyewe katika tawasifu yake, bila haya.

Mshindani wa biashara muue kwenye karatasi. Kalenda ya kwanza ya Franklin, ya mwaka 1733, aliyoitoa kwa jina la bandia la Richard Saunders, ilitabiri mpaka saa ya kufa kwa Titan Leeds, mtunga kalenda mwenzake. Siku ikapita, Leeds mzima, akaja juu kwa matusi. Saunders akajibu kwa upole mwingi: rafiki yangu Leeds alikuwa muungwana, asingeweza kunitukana hivi, bila shaka ni marehemu, na huyu anayeandika ni tapeli. Leeds akafa kweli mwaka 1738. Mpaka hapo kalenda za Franklin zilikuwa zinanunuliwa kama njugu.

Ukishashiba fedha, staafu na miaka 42, uchezee umeme. Kabla ya radi, jaribu kumuua bata mzinga kwa umeme. Franklin alijaribu mwaka 1750, akajipiga mwenyewe hadi fahamu zikamtoka. Ukirusha tiara kwenye mawingu, jikinge mvua na utepe wa hariri unaoushika ubaki mkavu. Georg Richmann wa Petersburg alichunguza radi mwaka uliofuata jaribio la Franklin la tiara, akauawa nayo.

Familia isikuchukulie muda. Mkeo Deborah anaogopa bahari? Mwache, kaa London miaka kumi, naye afariki 1774 hujarudi. Kuhusu watumwa, chelewa: wamiliki, chapisha matangazo ya kuwauza, kisha uzeeni uwe rais wa chama cha kupinga utumwa. Ombi lako la kukomesha utumwa litawahi kufika bungeni miezi miwili kabla hujafa.

Paris nenda na miaka 70, bila wigi, na kofia ya manyoya kichwani. Umeishi London miaka na mikaka ukivaa kama wenyeji, lakini Wafaransa wanataka mzee wa hekima kutoka porini, basi wape. Watachora sura yako kwenye vijaluba vya tumbaku, na mwaka 1778 serikali ya mfalme wao itatia saini mkataba wa kuisaidia Marekani kupigania uhuru kutoka Uingereza.

Mwisho andika wosia. Mwanao William, aliyebaki upande wa mfalme wa Uingereza, mwachie madai ya ardhi huko Nova Scotia na vitabu ambavyo tayari anavyo. Boston na Philadelphia ziachie pauni 1,000 kila moja, zikopeshwe mafundi vijana kwa riba, hesabu ifungwe baada ya miaka 200.