Ombi la Kusajili Nyumba Zetu kama Magari Yaliyoharibika Njiani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

Nakala: Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA), Serikali ya Kaunti ya Nairobi, na yeyote yule anayeweka funguo za tingatinga.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu kutoka Kawangware, kuanzia mtaa wa Congo hadi Gatina, na kutoka Kibera, Laini Saba hadi Kianda. Sisi tungali hapa, na hilo ndilo tatizo ambalo serikali nyingi zimejaribu kulitibu.

Tunajua kazi yako ni magari. Nyumba zina wizara yake, zina maafisa wake, na siku hizi zina hata tozo yake. Huko kote tumeshaandika hadi karani wa posta akazoea mwandiko wetu. Sasa tunakuja kwako na ombi moja: uzifute nyumba zetu katika hesabu ya nyumba, uzisajili kama magari. Magari yaliyoharibika njiani, yanayongoja fundi.

Usicheke kwanza. Wazo hili lilitufikia likivutwa kwa kamba.

Majuzi gari moja la watalii, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, lilizimika kwenye Barabara ya Naivasha hapa Kawangware, saa zile za jioni ambapo matatu, bodaboda na mikokoteni ya maji hugombania nafasi moja. Wenyewe walikuwa mume na mke, wastaafu kutoka Ulaya, wakielekea Cape Town. Walikuwa wameingia nchini kupitia Moyale, wakateremka Marsabit na Isiolo. Njia hiyo zamani ilikuwa mawe matupu, ikivunja springi za malori na kukatisha tamaa hata punda. Leo ni lami, na gari lao liliipita likiimba. Likaja kukata roho kwetu, kwenye foleni, klachi ikinuka kama ugali ulioungua. Hatukushangaa. Foleni ile imezika klachi zenye imani kubwa kuliko hiyo.

Kilichotushangaza ni yaliyofuata. Vijana walikata matawi wakayatandaza barabarani mbele na nyuma, kwa desturi yetu. Askari wawili wakafika. Tulianza kukunja bidhaa zetu, maana askari wakifika jioni huwa hawajaja kununua sukuma wiki. Lakini hawa walisalimia. Waliuliza wageni kama wamekula. Waliwaambia walale palepale hadi gari litengenezwe, na mmoja akaahidi kupita usiku kuangalia kama wako salama.

Mheshimiwa, nyumba ile ilisimama katika ardhi iliyotengewa barabara! Ilikuwa na kitanda, jiko, pazia na watu wawili wanaolala ndani. Siku kadhaa ilikaa pale, viti vya kukunja vikiwa nje, nguo za ndani zikianikwa kwenye kioo cha pembeni. Hakuna aliyeomba kuona hatimiliki. Hakuna aliyeiita kibanda. Hakuna aliyekuja na kopo la rangi nyekundu kuichora ile X ya kubomolewa ambayo sisi tukiiona ukutani alfajiri huanza kufunga masufuria. Mama mboga wa pale kando, ambaye ameuza nyanya mahali hapo tangu watoto wake wakiwa chekechea na ambaye huambiwa kila mara kwamba ameketi juu ya barabara, aliwauzia vitunguu wale walioketi juu ya barabara hiyohiyo.

Tukaanza kujiuliza tofauti iko wapi. Jirani yetu mmoja, fundi wa milango, hakuridhika na maneno. Alibisha hodi akiwa na futi yake mfukoni. Akatoka na majibu. Ukiondoa viti vya mbele, sehemu ya kuishi ni ndogo kuliko kumi kwa kumi, kile chumba cha futi kumi kila upande ambacho nusu ya Nairobi imelelewa ndani yake. Kitanda mchana hugeuka kiti. Jiko liko chini ya dirisha, na mtungi wa gesi uko chini ya jiko. Maji hujazwa kwa mitungi na kutumiwa kwa hesabu. Anayetaka kuvaa humwomba mwenzake atazame ukutani. Mtu wa Gatwekera, kule Kibera, akikaribishwa humo hahitaji kuelekezwa chochote. Ila maisha hayo, yakiwa na magurudumu chini, huitwa uhuru, na watu huuza nyumba zao za mawe huko kwao ili wayapate. Yasipokuwa na magurudumu, huandikiwa ripoti yenye picha ya mtoto akiruka mtaro.

Wageni waliuliza swali moja tu gumu. Choo chao kina kasha la kuchomolewa, nalo lilikuwa limejaa. Wapi panaruhusiwa kumwaga? Umati mzima ukanyamaza kwa heshima, maana ni swali ambalo babu zetu waliliuliza. Kibera angalau kuna vile vyoo vya kulipia vinavyogeuza uchafu kuwa gesi ya kupikia, kama kile cha Gatwekera, vilivyojengwa kwa juhudi za mashirika na vikundi vya wenyeji. Kwingine mtu hujitegemea, na siku ya mvua mto hubeba lawama zote.

Klachi ilitengenezwa, usiwe na wasiwasi. Mafundi wetu waliteremsha gia boksi kwa kamba na gogo, wakaitoa klachi pleti, wakaipigia riveti vipande vipya, wakairudisha. Wageni walipiga picha mikono ya mafundi. Kisha wakaondoka, wakaacha mahali pao pakavu katikati ya matope, na jioni hiyohiyo mama mboga akaambiwa tena kwamba ameketi juu ya barabara.

Sasa, hoja zetu.

Kwanza karatasi. Gari la kigeni huingia na hati ya forodha, Carnet de Passages, inayodumu mwaka mmoja, pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA kwa ajili ya bima. Likiwa na karatasi hizo linatambulika kutoka mpaka hadi mpaka. Linganisha na gari la kwanza kuzimika Kibera, ambalo lilikuwa la jeshi. Waingereza waliwatoa Wanubi Sudan, wakapitia Uganda, wakawapiganisha vita vya mfalme wao katika King's African Rifles, halafu wakawaambia wapumzike katika msitu huu. Mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Safari ya kurudi haikupangwa, na hatimiliki haikutolewa. Ilipofika Juni 2017, karibu miaka mia baadaye, jamii hiyo ikakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Kwa hesabu za gereji, mtu ameacha basi zima, amerudishiwa usukani na kioo cha pembeni. Tena hao ndio waliobahatika. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia, kwa kuwa walizaliwa hapa na kukua hapa bila uhakika wa kutambuliwa. Gari la Ulaya hutambuliwa siku linapofika.

Pili, mkopo. Mwenye gari akikwama kifedha hupeleka logibuku kwa wakopeshaji akarudi na pesa, na ndiyo maana kila nguzo ya stima mjini imebandikwa tangazo lao. Mwenye nyumba ya mabati Kibera hana cha kupeleka, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ni ya umma na jengo halimo katika daftari lolote linaloheshimiwa na benki. Jengo hilo linaweza kuwa limemsomesha mtu hadi chuo kikuu. Probox iliyochoka ina heshima zaidi benki. Tupe logibuku, Mheshimiwa, hata ile ya rangi iliyofifia.

Hapa lazima tuseme ukweli mmoja ambao wenzetu wengine hawatapenda usomwe. Wengi wetu si wenye magari haya. Ni abiria. Nauli hulipwa kila mwezi kwa keateka, naye huipeleka kwa mwenyewe, ambaye mara nyingi hulala mtaa wenye lami na maji ya bomba. Risiti hakuna. Ukichelewa nauli, mlango hung'olewa ukalala na mwezi. Kwa hiyo utakapotusajili, tafadhali hakikisha kwamba gari likivutwa, anayefikiriwa si mwenye logibuku peke yake. Abiria naye alikuwa na mizigo ndani.

Tatu, ukaguzi. Tuko tayari kuja Likoni Road siku yoyote. Tunajua Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na nyumba zetu nyingi zimepita mbali. Lakini sisi hatukuagizwa Japani, tuliundwa hapahapa kwa mabati, mbao na udongo wa humu humu nchini, jambo ambalo kila serikali hulisifu kwenye hotuba. Tunajua pia kwamba hamsajili gari lenye usukani wa kushoto. Walio na milango upande wa kushoto wako tayari kuihamishia kulia. Kuhusu mwendo, tangu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, awabane wenye matatu mwaka 2004 kwa mikanda, spidi gavana na kikomo cha kilomita 80 kwa saa, hakuna nyumba ya Kibera iliyowahi kushtakiwa kwa mwendo wa kasi. Kama zile matatu alizozibana Michuki, nasi tutapaka mstari wa njano. Tutaupaka wenyewe, kwa rangi yetu, mradi mtu asije na ile nyekundu.

Nne, na hapa tunaomba usome polepole. Asubuhi ya Julai 23, 2018, tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kazi ya kupanga namna ya kuwahamisha watu ilikuwa bado haijakamilika. Nyumba zikaangushwa, shule nazo zikaangushwa, na maelfu ya watu wakajikuta wamesimama juu ya kitu kinachoitwa kiunganishi. Barabara ni nzuri. Tunaipita, tunaisifu, na baadhi ya matatu zetu huitumia kukwepa foleni. Ila jiulize: kama asubuhi ile pangekuwa na gari-nyumba moja la watalii limeegeshwa katikati ya njia, likiwa na wazee wawili wamelala ndani, nani angewasha injini kabla hawajanywa chai?

Wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa mwaka 2011. Pengine wao walihitaji mabawa. Walikwenda mahakamani wakakaa huko karibu miaka kumi, hadi Januari 2021 Mahakama ya Juu iliposema kwamba hata anayeishi kwenye ardhi ya umma ana haki ya makazi inayolindwa na Katiba. Ibara ya 43 ilikuwa imeshasema hivyo tangu 2010, lakini ni vizuri kuambiwa mara mbili. Kijiji hakikurudi.

Utatuambia, Mheshimiwa, kwamba tunajengewa. Kweli. Mwaka 2009 baadhi ya watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa nyumba 600 za muda kule Lang'ata ili wajengewe za kudumu. Funguo za zile nyumba 822 za kudumu zilitolewa mwaka 2016. Katika muda huo wale wastaafu wa Ulaya wangeweza kwenda Cape Town na kurudi kwa mguu, klachi mabegani. Sasa kuna tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kwa sheria ya 2024, na ghorofa zinapanda. Tunazitazama kwa hamu, na kwa hesabu pia: mtu anayelipwa kwa siku, ambaye leo ana kibarua cha mjengo na kesho hana, atalipaje kila mwezi bila kukosa kwa miaka na miaka? Fundi aliyeirekebisha klachi ile hana hati ya mshahara. Ana mikono, na picha ya mikono hiyo iko Ulaya.

Kwa hayo yote, tunaomba vitu vitatu tu: namba za usajili, logibuku, na ile pembetatu nyekundu ya kuweka nyuma ya gari lililoharibika, ili anayekuja na tingatinga ajue kwamba mbele yake kuna watu waliosimama kwa dharura. Kama namba zimekwisha, tutabandika za mkono.

Ukikubali, utuarifu siku ya ukaguzi, nasi tutaanza kutafuta mkokoteni wa kutosha. Ukikataa, tunaomba kukataa kwako kuandikwe, kuwe na muhuri na tarehe, na nakala ibandikwe kwa chifu wa kila eneo. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya mtu kuondolewa alipo. Tutaanza kuhesabu siku hiyo.

Wako mtiifu,
Abiria wa kumi kwa kumi,
kwa niaba ya waliokwama,
Kawangware na Kibera.