Babu, Weka Jembe Chini: Mwongozo wa Kungoja Majibu

Karibu nyumbani, babu. Nakuandikia kama mjukuu, maana katika Ugusii mjukuu ndiye mwenye ruhusa ya kusema haya. Mwanao anabanwa na chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mzazi na mwana: hawezi kuketi mbele yako akakuuliza mkojo unatokaje. Mke wa mwanao ndiye kabisa, ataweka uji mezani na kutoka akitazama chini. Mjukuu hukutania mwaka mzima, na sasa tezi dume imetolewa kwa ajili ya saratani, utani huo una kazi ya kufanya. Nivumilie.

Tuanze na jembe. Nimeona unavyoliangalia. Daktari ameitoa tezi nzima, kisha akakiunga kibofu na njia ya mkojo kwa nyuzi, na nyuzi hizo hazijui kwamba mvua imenyesha na majirani wamepanda. Kwa wiki kama 6 usiinue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Kapu la majani ya chai, mkungu wa ndizi, ndama aliyekwama mtaroni: vyote vina wenyewe wa kuvibeba kwa sasa. Hata kitukuu wa miaka miwili ameshapita kipimo, kwa hiyo aje akukute umeketi. Kutembea ni ruhusa, tena ni lazima, kidogo asubuhi na kidogo jioni, ili damu isigande miguuni. Ila tafuta njia ya tambarare. Najua kwetu hiyo ni kazi, lakini uwanja wa shule upo.

Mpira wa mkojo utakaa nao wiki moja hadi mbili, kadiri daktari atakavyoamua. Mfuko wake ukae chini ya kiuno saa zote, mkojo usirudi ulikotoka. Wazee wetu wanapenda kuuinua na kuuficha ndani ya koti wageni wakiingia, usifanye hivyo. Chukua ndoo ndogo safi, tia mfuko ndani, funika kwa taulo, iweke kando ya kiti. Chumbani jifunge leso ya nyanya, suruali isikubane. Hakuna atakayekupeleka kwa chifu. Ukiona mkojo umegeuka rangi ya waridi baada ya kutembea, kunywa maji upumzike. Lakini ukiona mabonge ya damu, au mpira umeacha kutiririsha, au homa imepanda, au shavu la mguu limevimba na kuuma, au kifua kimebana, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua imeharibu barabara.

Kula mboga za chinsaga na managu, na papai, unywe maji, maana kujikamua chooni kunaumiza mshono. Obokima, ugali wetu wa wimbi, haikatazwi.

Siku ya kliniki, ukitoka Nyamira kwenda Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, usikubali kubanwa kwenye Probox iliyojaza watu mpaka kwenye buti, wala usipande bodaboda. Lipia viti viwili ukae kwa nafasi. Nauli hiyo tutachanga.

Wageni watakuja, hasa Sabato baada ya ibada, na watakuja na mapenzi ya kweli. Wapokee. Lakini yuko mmoja ambaye, kabla hajamaliza kikombe cha kwanza, ataanza kusimulia habari za fulani wa Keroka aliyeugua hivyohivyo mpaka wakamzika. Huyo niachie mimi. Nitamwomba anisaidie kumtazama ng'ombe.

Sasa majibu, maana hayo ndiyo yanayokukosesha usingizi. Yako ya aina mbili, na kuyachanganya kumewatesa wengi. Ya kwanza yanatoka kwenye tezi yenyewe iliyotolewa, inayokatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Hayo yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Utaona neno Gleason, jina la Donald Gleason, daktari wa Marekani aliyebuni hesabu hiyo miaka ya 1960. Ni jumla ya alama mbili, na kwa kawaida huanzia 6 na kuishia 10. Alama 6 ni ya saratani inayokwenda polepole. Kuanzia 8 ni ya ile kali. Uliza pia kama kingo za kilichokatwa ni safi, yaani kama saratani haikufika ukingoni. Majibu ya pili ni ya damu, kipimo cha PSA. Hicho hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, kwa kuwa PSA iliyokuwa mwilini inahitaji muda kuisha. Tunataka iwe ndogo kiasi cha kutoonekana, chini ya 0.1. Kupima wiki ya pili kwa wasiwasi ni kujinunulia hofu kwa pesa zako.

Mpira ukitolewa, mkojo utavuja. Utavuja ukikohoa, utavuja ukicheka, na mimi nitakuchekesha, kwa hiyo pedi ziwepo. Kaza misuli ile unayoikaza ukitaka kukata mkojo katikati, hesabu hadi 5, legeza, rudia, mara kadhaa kwa siku. Kwa wengi hali huwa nafuu miezi inavyokwenda. Na lile jambo la nyanya, nguvu za kiume, nalo laweza kuchukua hata mwaka au miwili, na pengine likahitaji dawa. Mwambie nyanya ukweli, kisha mwende kwa daktari pamoja. Usimwache akidhani amekosa nini.

Babu, watu wa hapa hawakuwa waoga. Mababu zetu waliogongwa kichwani walikaa macho huku ababari, wapasuaji wetu wa jadi, wakiwafungua fuvu. Daktari Edward Margetts aliyaandika hayo mwaka 1967. Leo ugonjwa uko chini kidogo ya mkanda, na tunanyamaza. Lloyd Austin, wakati huo Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliyekuwa Nairobi Septemba 2023, alipasuliwa kwa saratani hiihii Desemba mwaka huohuo, na hata rais wake hakuambiwa mpaka mambo yalipoharibika na kulazwa tena Januari. Jirani yetu Anyang' Nyong'o alifanya vingine: mwaka 2011, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, aliwaambia Wakenya wazi kwamba ametibiwa saratani ya tezi dume. Baadaye akachaguliwa gavana wa Kisumu. Mfuate huyo wa karibu.

Sikuombi uende redioni. Nakuomba jambo dogo, nalo ndilo gumu kuliko mpira na pedi. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake ameugua saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine, na hapa Kenya hakuna saratani inayowapata wanaume wengi kuliko hii. Kwa hiyo karatasi unayoingoja ni ya wanao pia, na chinsoni haiwaruhusu kukuuliza. Siku ya majibu nitakuja nawe, na daftari. Tutauliza Gleason ni ngapi, kama kingo ni safi, na PSA ipimwe lini tena. Tukirudi, mwite ndugu yako mdogo, umweleze yote mkiwa wawili, naye awaite wanao kando, kila mmoja aliyefika miaka 40, aongee na daktari kuhusu kipimo. Aanze na kifungua mimba. Ana miaka 47, na tangu ulazwe amekuwa akizunguka zizi bila kazi.