Eti Lenzi za Zamani Hazifi!

Msyuu! Kila nikipita kijiweni kwa wapiga picha ni wimbo ule ule: lenzi za zamani chuma, za siku hizi plastiki tupu. Haya, leo nisikilizeni na mimi.

Kwenye chuma hatugombani. Ile Helios 44-2 ya Wasovieti, milimita 58, ni chuma na vioo tu. Haina mota, haina hata waya mmoja. Kiharibike nini? Ukiifungia adapta kwenye kamera ya kisasa inapiga kazi, na vijana wanaililia kwa jinsi inavyozungusha mandhari ya nyuma. Canon nao mwaka 1990 walitoa toleo la pili la milimita 50 f/1.8, kitako cha chuma wakakitupa, wakaweka cha plastiki. Toleo la 2015 likarudishiwa chuma. Nadhani nao walisonywa.

Ila mbona fangasi hamuitaji? Huku kwetu pwani, Tanga, Dar, Unguja, ifungie lenzi kwenye mkoba wake wa ngozi, uisahau kabatini. Utakuta ndani imetanda nyuzi kama za buibui, na zikikaa sana zinakula hadi ule mpako wa kioo. Chuma kitakusaidia nini hapo? Tena grisi ya zamani huvuja ikaingia kwenye vibati vya tundu la mwanga, vikanata. Hizo mnazojivunia ni zile zilizosalia. Zilizokufa nani anazisimulia?

Halafu twende ukumbini usiku. Bibi harusi anaingia kwa kucheza, taa zinakupiga usoni. Helios ukiifungua yote, pembeni picha inalegea, na taa ikiingia moja kwa moja picha inapauka. Wewe bado unazungusha pete, mwenzio keshafika jukwaani! Mwenye lenzi mpya kamera imeshika jicho zamani, anapiga tu.

Mpya nayo ina lake, sikatai. Mota ikifa, basi. Zile za Canon zenye mota ya STM, hata pete ya kufokasi inategemea umeme, kwa hiyo mkono wako hauokoi kitu.

Kazi ya kulipwa nunua mpya, mzee; ya zamani ibaki ya raha zako. Na ukiletewa hiyo ya zamani, kabla hujatoa hela washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma. Ukiona nyuzi, mrudishie mwenyewe.