Gofu Juu ya Jabali

Mpenzi wa gofu anayepanga likizo ya pwani hutamani uwanja wa linksi, yaani ule wa asili ya Uskoti, uliotandaa juu ya ardhi ya mchanga baina ya bahari na mashamba, kama ulivyo ule wa St Andrews. Kisiwa cha Mombasa hakimpi mchanga huo. Uwanja wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, umekaa juu ya jabali la matumbawe kando ya barabara ya Mama Ngina, na kwa kuwa una mashimo 9 tu, anayetaka kutimiza 18 ya desturi huyazunguka yale yale mara mbili, huku akiisifu upya bahari aliyokwisha kuisifu. Upepo wa kusi, ambao manahodha wa majahazi waliungoja kwa miezi ili uwarudishe Arabuni, yeye humtupia mpira vichakani bila hata kuungojea.

Mji wa Kale, wenye vichochoro ambamo mkokoteni ukipita mwenda kwa miguu hujibandika ukutani, ratiba ya mcheza gofu huyo huutengea nusu saa: Ngome ya Yesu, picha ya mlango wa nakshi, na kikombe cha kahawa tungu kinachonywewa kwa kukunja uso.

Jioni, kando ya barabara hiyo hiyo ya Mama Ngina, wenyeji hula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, wakiitazama bahari ile ile bila ada ya uanachama.