Fedheha ya Bitiruti

Tangu Jumanne ya wiki iliyopita napita uchochoroni. Njia kubwa ya kwenda sokoni hupita mbele ya zahanati, na langoni pa zahanati hukaa bawabu, kijana wa adabu isiyo na dosari, ambaye kila anionapo huinuka kitini, huvua kofia, na kuniamkia kwa taadhima kamili, "Shikamoo, Mzee Bitiruti," kwa sauti inayofika mpaka kwa wachoma mihogo wa ng'ambo ya pili. Nami, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, huitika "Marahaba," na kwa kuitika huko huwa nimelikubali jina.

Ashakum si matusi, jambo lenyewe lilianzia msalani. Ilikuwa alfajiri ya siku yangu ya nne bila kutia kinywani kitu cha kutafunwa, nami nilikuwa nimeamka mwepesi wa mwili na mwenye kiburi kidogo, kama mtu aliyekwisha kuishinda nafsi yake na kubakiwa na kazi ndogo tu ya kuwasimulia wengine, nilipotazama chini nikaona haja yangu ndogo imetoka nyekundu. Wala si wekundu wa kutilia shaka, ule ambao mtu aweza kuusingizia taa, bali wekundu wa sharubati ya choya iliyokolea, uliotulia, usio na haya. Nilishika ukuta.

Mtu aliyezaliwa Tanga na kuoga utotoni katika kila dimbwi lililomzuia kufika chuoni kwa wakati hahitaji kuelezwa mkojo mwekundu ni nini. Ni kichocho. Nilivikumbuka vile vikonokono vya majini tulivyovichezea, na vijidudu vinavyotoka humo, vipenyavyo ngozi ya muogaji bila kubisha hodi, vikaenda kukaa katika mishipa ya kando ya kibofu. Nikajiambia kwamba vimengoja miaka hii yote, vikinitazama nikioa, nikizaa, nikinenepa, mpaka siku nilipoacha kula vikaona sasa mwenye nyumba amedhoofika. Kisha nikafikiri figo. Kisha nikafikiri lile jina la maradhi ambalo katika ukoo wetu halitajwi, husemwa tu "ugonjwa mbaya." Nilipotoka msalani nilikuwa nimekwisha kuwa marehemu kwa sehemu kubwa.

Nikamwamsha Mama Saidi, nikamketisha, nikamwambia kwa sauti ya upole ambayo sijapata kuitumia tangu siku ya posa kwamba duniani tu wapitaji, kwamba hati ya kiwanja imo katika bahasha chini ya godoro, kwamba fundi baiskeli wa barabara ya pili hajanilipa elfu thelathini na asidanganywe kuwa amelipa, na kwamba, kwa kuwa sikutaka kwenda mbele ya haki na uongo shingoni, ile mashine ya kukamulia juisi sikuinunua kwa shilingi elfu sitini kama nilivyomwambia, bali kwa laki mbili na ishirini. Mpaka hapo alikuwa analia. Baada ya hapo aliacha.

Zahanatini nilikuta watu wasiopungua thelathini mabenchini. Nilipewa kikopo, nikaingia nacho uani, nikarudi nacho nimekifunika kwa leso kama abebaye kitumbua cha moto, nikakikabidhi dirishani, na kijana wa maabara akachovya humo kile kijikaratasi chenye viraka vya rangi mbalimbali, ambacho mimi, licha ya kuwa marehemu, sikuweza kuacha kukitazama kwa shauku kubwa. Kila kiraka, alinieleza kwa upole, huuliza swali lake: hiki huuliza sukari, hiki protini, na hiki cha manjano huuliza damu, na kama damu imo hugeuka rangi ya kijani. Tulikitazama pamoja, vichwa vimegusana. Maji ndani ya kikopo yalikuwa mekundu kama kizibao cha ngoma, na kile kiraka kikabaki cha manjano. Kijana akachovya kingine. Kikabaki cha manjano. Akakunja uso, akaenda kumwita mkubwa wake, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa gwaride.

"Baba, umekula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu. Leo siku ya nne."

"Hujala kitu?"

"Nanywa juisi tu."

"Juisi ya nini?"

Nikamtajia: karoti, mchicha, tango, tangawizi, ndimu. Nikanyamaza kidogo, kisha, kwa kuwa daktari hafichwi kitu, nikaongeza bitiruti. Akaniuliza ngapi. Nikamwambia nne kila jioni. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akafunga daftari, halafu, badala ya kuninong'oneza lile alilopaswa kuninong'oneza, akageukia chumba cha ndani akaita kwa sauti ile ile ya gwaride: "Jamani, njooni! Mzee wa watu amekojoa bitiruti!"

Sitaeleza vicheko vyote. Alicheka mwenye mguu uliovunjika, akicheka huku ameushika. Alicheka mama mwenye mtoto wa kifaduro, mpaka mtoto naye, kwa kufuata mkumbo, akacheka akapaliwa. Akacheka bawabu, na laiti ningalijua nini kitatokana na kicheko chake ningalimsihi kwa pesa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi ubavuni pangu tangu asubuhi bila kusema neno, ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliniinamia akaniuliza kwa huruma kama inauma.

Nimekwisha kulichunguza jambo hili baadaye, maana mtu akifedheheshwa na kitu ana haki ya kukijua. Wekundu wa bitiruti ni rangi iitwayo betanini, na kwa watu walio wengi rangi hiyo huvunjwavunjwa tumboni na matumboni isipate kuonekana tena. Lakini kwa mtu 1 katika kila 10 hivi, kwa sababu ya kiasi cha tindikali tumboni mwake, au kwa kupungukiwa na madini ya chuma, rangi hupita nzima, huingia damuni, na figo, ambazo hazina mzaha, huitoa nje kama zilivyoikuta. Figo! Hebu vifikirieni viumbe hivi viwili, kila kimoja ukubwa wa ngumi, ambavyo kwa siku moja huchuja lita zipatazo 180 za maji ya damu, yaani pipa la mafuta kwa karibu kujaa, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, tone kwa tone, vikichagua chumvi ya kubaki na takataka ya kutoka, na mwisho wa kazi yote hiyo hutoa lita moja na nusu tu. Kando yao liko ini, kilo moja na nusu ya uchapakazi, likizivunja sumu usiku na mchana bila kuomba likizo. Na mimi, niliyepewa watumishi hawa bure tangu tumboni mwa mama yangu, nilikuwa nimekwenda kununua mashine ya laki mbili na ishirini ili niwasaidie kusafisha. Nimemuuliza kila anisifiaye juisi kwamba hiyo sumu inayotolewa jina lake nani. Hajatokea hata mmoja anayeijua kwa jina.

Aliyeniingiza humo ni mpwa wangu, aliyenionyesha katika simu yake sinema ya mwaka 2010 ya mtu wa Australia, Joe Cross, aliyeizunguka Marekani siku 60 akinywa juisi tu, mashine yake imo nyuma ya gari, mpaka mwili ukampukutika na maradhi ya ngozi yaliyomsumbua miaka mingi yakampungukia. "Mjomba," akaniambia, "wewe wahitaji siku kumi tu." Neno moja lililonipita masikioni, au lililopitishwa, ni kwamba bwana yule alikuwa na daktari wa kumwangalia. Mimi nilikuwa na mpwa.

Nakiri kuwa mashine ilinivutia kuliko siha. Ndani yake mna kisahani cha chuma chenye meno madogo kama ya mbuzi ya kukunia nazi, na kisahani hicho kimezungukwa na chujio, na vyote viwili huzunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Karoti ikisukumwa humo hukunwa kufumba na kufumbua, na kwa nguvu ya ule mzunguko maji hupenya chujioni yakakimbilia mdomo wa mbele, na makapi, ambayo hayawezi kupenya, hurushwa nyuma katika ndoo yake. Nayo ni kanuni ile ile itengayo malai na maziwa. Siku ya kwanza nilikamua mpaka jirani akaja kuuliza kama tumefungua kiwanda. Kilo nzima ya karoti za Lushoto ilitoa bilauri mbili, na machungwa manne ya Muheza yalitoa moja, niliyoimeza kwa pumzi moja. Na hapo ndipo ningalipaswa kujiuliza ni lini nimepata kula machungwa manne kwa pumzi moja, maana sukari ya bilauri ile hupata gramu 25, kiasi cha vijiko sita vya chai, nami ni mtu ambaye kwa kujivunia siha hunywa chai bila sukari na kuwasimanga wageni wanaoiomba.

Makapi alipewa jogoo. Nyuzinyuzi zote, kile kitu kinachomshibisha mtu na kumsafisha matumbo kwa kweli, zilikuwa zikienda bandani kila asubuhi na jioni katika ndoo ya kijani, na jogoo alizipokea kwa kelele za shukrani.

Kwa mizani sina budi kusema haki: nilipungua. Yule kijana wa pale sokoni mwenye mizani ya kupimia watu kwa shilingi mia mbili aliniandikia 96 Jumamosi niliyoanza, na Alhamisi asubuhi, siku ya sita, akaniandikia 92, nikampa mia tano nikamwambia chenji aweke. Laiti ningalijua hesabu yake. Mwili huweka akiba ya wanga, gramu kama 100 katika ini na gramu 400 hivi katika misuli, na kila gramu ya wanga huo huhifadhiwa pamoja na gramu zipatazo tatu za maji; ukimnyima mtu chakula, akiba huliwa kwanza, na yale maji yaliyokuwa yakiilinda hufunguliwa yakatoka, kilo mbili zikaondoka bila hata chembe ya mafuta kuguswa. Nilikuwa nimelipia, kwa njaa na kwa fedheha, safari nyingi za msalani. Alhamisi hii mizani imesema 95 na nusu, na kijana hakunirudishia ile mia tatu.

Haya ningaliyacheka yote. Lakini pale stendi yupo muuzaji wa juisi hizi katika chupa, elfu kumi na tano kila moja, na juu ya chupa yameandikwa maradhi kumi na mawili ambayo huyaondoa, na ya kwanza ni sukari. Jirani yangu, fundi cherehani, ana maradhi hayo miaka mingi, anameza vidonge vyake na kushona kanzu zake. Muuzaji akamwambia kwamba vidonge na juisi havichangamani, achague kimoja. Akachagua juisi, ya nanasi na tikiti na chungwa, yaani mtu ambaye mwili wake umeshindwa na sukari aliuziwa sukari kwa chupa apate kupona sukari. Usiku wa tatu tulimpakia katika bajaji hajitambui. Alikaa hospitali siku kumi na moja, akarudi amekonda mashavu yameingia ndani, na yule muuzaji, alipomwona anapita amekonda namna ile, alimfuata akamwomba ruhusa ampige picha ya kuweka juu ya chupa. Sina la kucheka hapo, wala sijamwona askari, bwana afya wala diwani aliyekwenda kumuuliza muuzaji yule swali moja. Mimi mwenye bitiruti ndiye niliyeulizwa maswali mbele ya watu thelathini.

Yaliyobaki ni madogo. Siku ya pili kichwa kiliniuma kwa kuikosa kahawa hata nikagombana na redio. Katika khitma ya mzee wa mtaani nilitoka mara tatu, na mara ya tatu imamu alinisubiri. Usiku wa tano Mama Saidi alinikuta jikoni gizani nanusa chungu cha mbaazi za nazi. Sikula, nilinusa tu, nalo akalihesabu kuwa baya zaidi.

Adhuhuri ya siku ya sita nilikula maandazi saba, na kwa hayo sitaki kuhojiwa.

Jana Mama Saidi alimwita kijana wa jirani akachinja. Wali uliletwa, na mchuzi wa nazi, na juu yake jogoo mzima, ambaye kwa unene alionekana kama aliyefugwa kwa ajili ya harusi ya sultani. Mafuta yalielea juu ya mchuzi kwa duara za dhahabu. Nikauliza amempa nini hata akawa hivi. Hakunijibu mara moja. Alilikata paja, akaliweka sahanini mwangu, akanisogezea ndimu.

"Kula, Baba Saidi," akasema. "Hii ndiyo laki mbili na ishirini yenyewe."