Geti au Mlango: Majibu kwa Wahitimu Wanaotafuta Kazi ya Kwanza

Mwajiri mkubwa na mwajiri mdogo, kwa macho ya mhitimu wa Masasi au Newala, hutofautishwa kwanza na geti. Mkubwa ana geti, mlinzi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mdogo ana mlango, na mwenyewe ndiye anayeufungua asubuhi. Barua nyingi zinazoletwa kwenye safu hii huuliza ukubwa huo tu, kana kwamba mshahara na ujuzi hupimwa kwa urefu wa uzio.

“Mwenye Ofa Mbili” wa Ndanda ana stashahada ya uhasibu. Ameitwa na kiwanda cha saruji Mtwara, na pia na chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, jirani na kwao. Kiwandani kazi hukatwa vipande: anayepokea ankara halipi, anayelipa hakagui, na mgeni anaweza kumaliza mwaka kwenye ankara za usafirishaji bila kujua hesabu za mwaka hufungwaje. Anachovuna ni utaratibu, na bosi ambaye naye ana bosi.

AMCOS ni habari nyingine. Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba hivi, karani hupima gunia mbele ya mkulima asiyebandua macho kwenye mizani. Hutenganisha daraja la kwanza na la pili, huandika stakabadhi, hufuatilia lori hadi ghala kuu. Mnada ukipita, hurudi kueleza kwa nini bei ya mnadani si ile iliyofika mkononi: ushuru, usafiri, ghala, makato ya chama. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, umewafikisha makarani wengi kwenye hesabu ambazo darasani zilikuwa mfano ubaoni. Asiyeweza kuyaeleza makato hayo juani, mbele ya wakulima waliokwisha kupiga hesabu zao, bado hajaujua uhasibu, hata kama cheti kinasema vingine.

Kasoro ya AMCOS ni kalenda. Minada ikikoma, vyama vingi hubaki na daftari, kufuli na mlinzi. Kwa hiyo Mwenye Ofa Mbili anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kusaini: mkataba ni wa mwaka au wa msimu, na je, yupo mtu juu yake anayeijua kazi? Karani anayefanya yote peke yake, bila wa kumsahihisha, hujifunza na makosa yake pia, kisha huyazoea. Akikosa mtu huyo, heri ankara za kiwandani.

“Mama Mwenye Wasiwasi” wa Newala ameandika kwamba mwanawe asiende kwa mtu binafsi, kwa sababu kampuni kubwa haihami. Nachingwea si mbali. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukaleta matrekta hadi huko, ukajengewa bandari Mtwara na reli, na kufikia 1951 ulikuwa umekwisha. Reli nayo iling'olewa baadaye. Viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970 na 1980, vya Masasi na Newala vikiwemo, vilikuwa vikubwa pia; vingi vilifungwa, vingine vikageuzwa maghala. Ikiwa wasiwasi wenyewe ni posa, safu inakubali kwamba kitambulisho cha shingoni husaidia.

“Spana Mkononi” wa Mwena anachagua kati ya gereji ya barabarani na karakana za Abasia ya Ndanda. Abasia, misheni ya Wabenediktini iliyoanza 1906, humvuruga anayependa mafungu mawili: ni taasisi kubwa yenye hospitali na matbaa, lakini ufundi wake umefundishwa kwa miongo mingi kwa njia ya karakana, mwanagenzi akiwa kando ya fundi. Gereji ya barabarani huleta kila aina ya ubovu, kuanzia bodaboda hadi Fuso, ila haitoi cheti. Hilo lina dawa: VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti.

Kuhusu haki, sheria ya ajira ya mwaka 2004 haiulizi kama kuna geti. Mwajiri wa mlango mmoja naye anatakiwa kumwandikia mfanyakazi masharti ya kazi, na michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara huko na huku. Mdogo husahau mara nyingi zaidi; mkubwa hukumbuka, pamoja na kukata deni la bodi ya mikopo.

Barua ya mwisho haikuwa na swali. Ilikuwa na CV, picha mbili za pasipoti na ombi la nafasi ya kujibu barua hizi. Safu ni mwajiri mdogo sana, haina hata mlango, na nafasi imeshajazwa.