Wapiga Debe Wenye Tai

Ukishuka stendi ya Bweri, Musoma, mguu haujatua vizuri wapiga debe wameshakuzunguka. Mmoja kashika begi, wa pili kashika mkono, wa tatu anaapa gari linaondoka sasa hivi. Nauli unashushiwa hata hujauliza. Hao tunawaita wahuni.

Sasa njoo stendi kubwa ya Afrika Mashariki, ambako abiria ni mwekezaji. Kenya, tangu sheria yake ya 1990 ya viwanda vya kuuza nje, inamnadia miaka 10 bila kodi ya mapato, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 mingine. Tanzania ikaja na yake ya 2002: miaka 10 bure, na ushuru wa halmashauri asamehewe. Uganda nayo imo, miaka 10 vilevile, mradi asilimia 80 ya bidhaa iende nje. Hawa hatuwaiti wahuni, kwa sababu wamefunga tai.

Pembeni, mama wa dagaa anafunua beseni. Hajapima kopo la kwanza, mkusanya ushuru kafika na mashine ya risiti. Mama hana msamaha hata wa dakika 10. Kosa lake kuzaliwa hapahapa. Angeshuka na ndege, angepokewa kwa ngoma na shada la maua.

Tumtakie mwekezaji safari njema. Ila mwaka wa 11 ukikaribia, mtazameni begi: lile lina magurudumu, na stendi ya jirani wameshaanza kuita.